UJUMBE WA IJUMAA: MGENI USIYEMJUA ANAKUFUNDISHA NINI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Muislamu, tangu alfajiri hadi Isha unakutana na watu wangapi usiowajua? Kuna anayesukuma baiskeli yenye mifuko ya makala akitoka porini. Kuna mama aliyeshuka kwenye gari moshi na mizigo yake, anauliza njia. Kuna kijana wa pikipiki unayempa maisha yako kwa muda wa safari bila kumuuliza jina. Kuna anayekupigia simu kwa kukosea namba. Wote hao wanapita, na wengi hutawaona tena mpaka Siku ya Kiyama.

Leo tujiulize swali moja: je, mtu huyo usiyemjua ana haki gani juu yako? Wako wanaosema hana haki yoyote, isipokuwa usimdhuru. Wanasema wema ni wa ndugu, wa jirani na wa mtu wa dini yako, na huyo mwingine apite zake. Maneno haya yanasikika kuwa ya busara, hasa nyakati za shida ambapo hata watoto wa nyumbani hawashibi. Lakini tuyapime kwa mafundisho ya dini yetu, na tuyapime pia kwa yale ambayo ardhi hii ya Lualaba imeyaona.

NANI MGENI KISENGE?

Vijiji vya Wacokwe na Walunda vilikuwepo hapa kabla ya kampuni yoyote. Hao ndio waliokaribisha. Wengi wetu wengine tuliletwa, au wazee wetu waliletwa, na manganese na reli. Reli ya Benguela kutoka bandari ya Lobito ilifika mpakani mwaka 1929, na mwaka 1931 ikaunganishwa na reli ya Katanga. Kutokana na hapo madini ya huku yakapata njia ya kwenda baharini, na watu wakapata njia ya kuja. Walikuja wafanyakazi wa mgodi, wafanyakazi wa reli, wachuuzi, walimu. Walikuwa na lugha mbalimbali, na Kiswahili kikawa ndiyo nyumba yao ya pamoja.

Kisha mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga njia hiyo. Manganese ikalala chini miaka na miaka bila kupata treni ya kwenda Lobito. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo treni yenye manganese ya Kisenge ilipopita tena mpakani kwenda baharini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, unapomwona mtu na kusema "huyu ni mgeni," jiulize kwanza: babu yako alishuka katika treni ya mwaka gani? Nani alimpa maji siku ile? Huenda jina la aliyempa maji halijulikani hata katika ukoo wenu. Lakini maji yale ndiyo sababu wewe upo hapa.

SOMO LA KWANZA: MGENI NI MIZANI

Wema tunaowafanyia tunaowajua umechanganyika na mambo mengi. Unamsaidia jirani kwa sababu kesho utahitaji jembe lake. Unamheshimu mkubwa wa kazi kwa sababu ana mshahara wako mkononi. Unampa shemeji kwa sababu usipompa, habari itafika nyumbani kabla yako. Huo bado ni wema, nasi hatuudharau. Lakini ni vigumu kujua humo ndani kuna kiasi gani cha ajili ya Allah na kiasi gani cha ajili ya watu.

Sasa anakuja mtu usiyemjua. Hana cha kukulipa. Hatakusifu mtaani kwa sababu hajui mtaa wako. Ukimdhulumu hatarudi kukudai. Hapo ndipo utajua una nini ndani ya kifua chako. Hakuna shahidi ila Allah na Malaika wawili wanaoandika.

Chukua mfano wa sokoni. Muuzaji wa unga anapompimia rafiki yake, kopo linajaa na kuvimba juu. Anapompimia mpita njia, kidole kinaingia ndani ya kopo, au chini ya kopo kuna kipande cha karatasi. Ni mkono uleule na unga uleule. Kilichobadilika ni kwamba huyu wa pili hajulikani. Allah ameteremsha sura nzima yenye jina la hao wanaopunja, Al-Mutaffifin, na sura hiyo inaanza kwa kuwaonya adhabu kali. Wala hakuna humo ruhusa ya kumpunja mtu wa mbali.

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa ni Uislamu upi ulio bora, alijibu kwa mambo mawili: kuwalisha watu chakula, na kumtolea salamu unayemjua na usiyemjua. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tazama, ndugu yangu. Kumsalimia unayemjua ni desturi, kila kabila linafanya hivyo. Kumsalimia usiyemjua ndiko kunakoigeuza desturi ikawa ibada.

"LAKINI WAGENI WALITULETEA MADHARA"

Mtu atasema: "Shehe, maneno haya ni mazuri msikitini. Lakini sisi tumeona vita. Tumeibiwa na watu tuliowalaza. Je, tufungue milango tu?"

Swali hili ni la haki, na dini yetu hailikimbii. Uislamu haukutuambia tuwe wajinga. Katika Surat An-Nur tumefundishwa kwamba mtu haingii nyumba ya mwingine mpaka aombe ruhusa na kutoa salamu, na akiambiwa arudi, basi arudi. Mlango una haki yake. Na haki ya mgeni ina mpaka wake: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu wa Kiswahili nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mgeni naye ana wajibu.

Lakini kuna tofauti kati ya tahadhari na dhana mbaya. Tahadhari inaangalia vitendo. Dhana mbaya inaangalia sura, lugha na kabila. Allah katika Surat Al-Hujurat ametuamrisha tujiepushe sana na dhana, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi.

Tazama mfano wa Hijra. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walipotoka Makka usiku, huku Maquraishi wakiwatafuta wamuue, walihitaji mtu anayejua njia za jangwani. Walimkodi Abdullah bin Urayqit. Mtu huyu hakuwa Muislamu. Alikuwa bado katika dini ya Maquraishi wenyewe. Walimkabidhi ngamia wao wawili na wakaahidiana akutane nao pangoni baada ya siku tatu. Angeweza kuwauza, na zawadi ya kuwauza ilikuwepo. Lakini walikuwa wamemjua kwa uaminifu wake na ujuzi wa kazi yake, na naye akatimiza. Kama Mtume angepima watu kwa kundi lao peke yake, nani angemwongoza njia ya Madina?

Sasa turudi hapa kwetu. Mwezi wa Machi 1977 vita vilipoingia kutoka Angola vikapita Dilolo, Kisenge na Mutshatsha, waliobeba silaha walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa wazaliwa wa jimbo hili hili, watu waliokuwa uhamishoni Angola. Hawakuwa wageni wa ardhi hii. Na jeshi la serikali liliporudi, raia wengi walioshukiwa tu kwa sababu ya kabila lao waliteseka, na wengi wakakimbilia Angola. Huko walipofika walikuwa wageni, wasiojulikana na mtu. Kuna aliyewapa mihogo.

Vita vya Angola vilipozidi, raia wa kule nao wakakimbilia huku. Katika ardhi hii ya Kisenge walikaa wakimbizi wa Angola miaka mingi, mpaka amani ilipopatikana kwao mwaka 2002 na misafara ya kurudi makwao ikaanza. Njia ni ileile na mpaka ni uleule. Mwenye nyumba wa mwaka ule akawa mkimbizi, na mkimbizi akawa mwenye nyumba. Nani kati yao angeweza kusema, "Mimi sitahitaji kamwe wema wa mtu nisiyemjua"?

Ubaya, ndugu zangu, haukai katika ugeni. Unakaa katika moyo, na moyo mbaya unaweza kuzaliwa katika nyumba ya jirani. Kwa hiyo jihadhari na kitendo, na ukichunguze. Usimhukumu mtu kwa sababu tu hujui jina la baba yake.

NENO DOGO, MSIBA MKUBWA

Tunakuja sasa kwenye jambo zito ambalo wengi hawapendi kulikumbuka. Mwaka 1992 na 1993, huku Katanga, watu waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi waliambiwa kwamba baadhi yao ni wageni. Walikusudiwa wenye asili ya Kasai. Wazee wao walikuwa wameletwa kufanya kazi katika migodi na reli tangu wakati wa Wabelgiji. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na wazazi wao walizaliwa hapa. Hawakuijua Kasai ila kwa kusimuliwa.

Jambo lilianza kwa siasa, likaendelea kwa neno. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Ndugu yangu, mtu haombi radhi kwa mdudu. Ukishamwita binadamu mdudu, umeshajipa ruhusa moyoni ya kumfanyia ambalo usingemfanyia binadamu. Likasi, kisha Kolwezi, watu wakafukuzwa katika nyumba zao na kazi zao. Mamia ya maelfu wakaondoka. Familia zililala kwenye stesheni za reli wiki na miezi zikingoja treni, na wazee na watoto wakafa pale kwa maradhi na njaa, na wengine wakafa njiani.

Tazama hapo ni nani aliyefanywa mgeni. Ni jirani, mtu ambaye mlichota maji pamoja na mtoto wake alisoma darasa moja na wako. Hakuhama hata hatua moja. Lilikuja neno tu, na asubuhi akaamka mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Hii inatufundisha kwamba "mgeni" mara nyingi si hali ya mtu mwenyewe, ni jicho la anayemtazama.

Na walikuwepo waliokataa. Walikuwepo waliowaficha jirani zao, waliowatunzia vyombo, waliopeleka bukari na sombe kule stesheni usiku. Majina yao hayakuandikwa katika magazeti. Allah anawajua.

Katika miaka ya karibuni vijana wengi wamekuja tena Kolwezi na Lubumbashi kutoka Kasai na kwingineko, kutafuta riziki katika kuchimba, kuchuuza na kuendesha pikipiki. Na maneno yameanza tena kusikika, mengine kwa mzaha. Usicheke mzaha huo. Kule Kinshasa watu wa pikipiki wanaitwa wewa, na wewa katika Kiluba cha Kasai maana yake ni "wewe". Neno hilo lizingatie: huyo unayemwita mgeni ni "wewe" pia. Anakutazama, naye anakuona wewe ndiwe usiyejulikana.

MGENI ANAYEONEKANA NA MGENI ASIYEONEKANA

Kuna kisa kimoja cha siku ya Ijumaa kinachofaa kuzingatiwa. Msafiri Ibn Battuta kutoka Morocco alifika Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba sultani wa Kilwa, Hasan bin Sulayman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake, alikuwa anatoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akavua zile nguo, akavaa nyingine, akampa. Watu wakamsifu sana kwa unyenyekevu wake. Mtoto wa sultani akazirudisha zile nguo kwa kumpa fakiri yule badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kwa kusifu ukarimu, na ukarimu ulikuwepo. Lakini hebu tuwahesabu wageni waliokuwa katika kisa hiki. Wa kwanza ni fakiri wa Yemen. Yeye alionekana, akasikilizwa, akapewa. Je, wale watu ishirini? Nao walikuwa mbali na makwao. Nao walikuwa na mama zao, na vijiji walivyotolewa kwa nguvu. Hakuna aliyewauliza majina. Walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Ukarimu kwa mgeni mmoja ulilipwa kwa wageni ishirini.

Hatusemi hivi kuwatukana waliotangulia. Hukumu yao iko kwa Mola wao. Tunasema ili tujitazame sisi. Maana sisi nasi tuna mgeni tunayemwona na mgeni tusiyemwona. Akija mfanyabiashara mwenye gari, au Muislamu mwenzetu mwenye kanzu safi kutoka mji mkubwa, tunachinja kuku. Na hilo ni jema. Lakini yule mtoto anayeosha mawe mtoni, yule mwanamke anayebeba gunia mgongoni kutoka machimboni, yule mlinzi anayekesha kwa mshahara usiofika, tunapita kana kwamba ni mti. Wema wako usiupime kwa kuku uliyemchinjia mgeni wa heshima. Upime kwa yule ambaye hukumwona.

Nabii Ibrahim (a.s.) alipojiwa na wageni, Qur'an inatuambia katika Surat Adh-Dhariyat kwamba walikuwa watu asiowajua. Hakuanza kwa kuwauliza kabila. Aliitikia salamu yao, akaenda kwa ahli wake, akaleta ndama aliyenona. Baadaye ndipo alipojua kuwa ni Malaika. Angengoja kujua kwanza ni nani, chakula kingekuwa ni biashara na mkubwa, si ukarimu.

WEWE NAWE NI MGENI

Sisi Waislamu wa upande huu ni wachache. Jirani zetu wengi ni Wakristo. Kwao sisi ndio wageni: nguo zetu, swala zetu, mfungo wetu. Tunapenda watutazame kwa haki. Basi tukumbuke kwamba Waislamu wa kwanza walioteswa Makka walikimbilia Afrika, kwa Najashi mfalme wa Habasha, naye alikuwa Mkristo. Maquraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Najashi hakuwahukumu wageni wale kwa maneno ya maadui zao. Aliwaita, akawasikiliza wenyewe, kisha akakataa kuwatoa. Imani yetu ilipokuwa changa ililindwa na mtu wa dini nyingine aliyekubali kusikiliza asiowajua. Deni hilo tunalilipaje?

Na juu ya hayo yote, Mtume (s.a.w.) alimshika bega Ibn Umar (r.a.) akamwusia awe duniani kama mgeni au mpita njia. Yaani mwenyeji wa kweli hapa hayupo. Wenye mgodi wanapita, wenye serikali wanapita, wenye mashamba wanapita. Siku ile utakapowekwa kaburini, utakuwa mgeni katika nyumba usiyoijua, na wote uliowajua watakugeuzia migongo warudi makwao. Utatamani siku hiyo uwe na wema uliowafanyia wasiokuwa na cha kukulipa.

TUFANYE NINI WIKI HII?

1. Toa salamu kwa usiyemjua, na anayekuamkia kwa lugha yake muitikie vizuri zaidi au mfano wake.
2. Ukiuza, mpimie mpita njia kama unavyompimia ndugu yako.
3. Ukiulizwa njia, usielekeze kwa kidevu. Simama, au mtume kijana amsindikize mzee au mama mwenye mzigo.
4. Ukisikia kabila la watu linaitwa kwa jina la mnyama au mdudu, kataa. Huwezi kwa mkono, basi kwa ulimi. Watoto wako wasilisikie neno hilo kwako.
5. Ukiwa na shaka na mtu, mwulize yeye mwenyewe kabla ya kumsema kwa wengine.
6. Ukipika, ongeza maji kidogo katika mboga.

Ewe Mola wetu, usitufanye miongoni mwa wanaokula peke yao na kulala peke yao katika dunia uliyoijaza watu. Wasitiri walio njiani usiku huu, warudishe salama kwa watu wao. Warehemu waliokufa katika stesheni na porini wakiwa hawana wa kuwazika. Utujaalie macho ya kuwaona tusiowaona. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Tafadhali usiitupe karatasi hii chini wala usiifungie vitu, ina jina la Allah. Ukishaisoma mpe mwenzako, na msomee asiyejua kusoma.)